Beki wa Barafuni na Bei ya Kwanza

Kocha wa tatu kuniambia hapana aliniambia nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Kingine kilikuwa mkononi, nakifuta chuma chake cha kutelezea kwa kitambaa kisishike kutu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, akanishukuru kwa kuja, akasema ninacheza kwa moyo. Mimi nimekulia sokoni. Mtu akianza kusifu rangi ya shati, jua hanunui.

"Shida ni nini, kocha?" nikamwuliza.

"Unatoka mapema. Mshambuliaji akiwa bado mbali, wewe ushamfuata. Na ukirudi nyuma unasimama katikati ya safari, kama mtu aliyefika ukutani. Hakuna ukuta pale."

Nikamshukuru na mimi. Nikavua kiatu cha pili. Nikahesabu vitu vyangu kwenye begi, nikahesabu tena, kwa sababu wakati wa maneno kama hayo ndipo vitu hupotea. Kisha nikaenda kusimama kituoni kungoja basi. Nilijichunguza nione kama nimeumia. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na huko kwingine hali ilikuwa hiyohiyo.

Ukuta alioutaja upo. Uko Nairobi. Mchezo huu nilijifunzia katika hoteli moja iliyokuwa na kiwanja cha barafu ndani, mahali ambapo watoto wa wenye nafasi walifanyiwa sherehe za kuzaliwa. Sisi tulikuwa vijana wa viatu vya magurudumu, tulioteleza Jumapili kwenye maegesho ya magari wakati maofisi yamefungwa. Mkanada mmoja aliyekuwa akifanya kazi mjini alitukusanya, akatupa magongo, akatufundisha hoki ya barafuni: watu watano kila upande na kipa, wanakimbizana na kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa na cha mviringo kama kopo la rangi ya viatu. Kinaitwa paki. Kikikupata mahali pasipo na kinga, unalijua jina lake vizuri zaidi.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kifupi. Beki akirudi nyuma kidogo tu, mgongo unagonga ubao. Kwa hiyo sisi mabeki wa pale tulijua jambo moja: huna pa kurudi, mfuate mtu mapema kabla hajapata mwendo. Mwili ulikipima kile kiwanja ukakiweka. Nilipokuja Birmingham kumfuata mama yangu, nikiwa na miaka kumi na saba, nilikuja na ule ukuta mgongoni, na hakuna afisa wa uwanja wa ndege aliyeniuliza habari zake.

Mama anawahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Lozells, kwenye safu ya nyumba zilizoshikana mabega, na ngazi zetu zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mimi na begi langu la hoki hatukuweza kushuka pamoja. Nililitanguliza, likashuka lenyewe. Siku ya kwanza Mama alitoka jikoni kuona nani ameanguka.

"Hilo begi lina maiti?"

"Ni vifaa vya mchezo, Mama."

Akalifungua, akatoa kofia ngumu, akatoa kinga ya mabega, akavitazama. "Mchezo gani huu mtu anavaa kama anaenda kurina asali?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana adabu, kisha akaniuliza kama kuna Mkenya mwingine yeyote huku anayelipwa kwa hiyo kazi. Nikasema simjui hata mmoja.

"Basi walikuwa wanakungoja wewe," akasema, akarudi jikoni.

Watu wakisikia hoki ya barafuni wanafikiria Amerika. Kule kuna siku maalumu kila mwaka: vilabu vikubwa vinakaa, vinachagua vijana kwa zamu, na asiyechaguliwa anajua siku hiyohiyo, analia, analala, anaamka. Huku hakuna siku hiyo. Huku unakosa kuchaguliwa kidogokidogo, mwaka mzima, kwa simu isiyolia. Nilikuwa nachezea timu ya ridhaa, ya mafundi wa umeme na madereva wa malori, na kila kiangazi nilibeba begi kwenda kwenye majaribio ya timu za kulipwa, mji huu na mji ule. Nilitaka kitu kimoja tu: mkataba. Karatasi inayosema kwamba kazi yangu ni kuwa beki. Sikutaka kuwa nyota. Beki akiwa nyota, ujue kuna jambo limeharibika mbele.

Riziki yangu ilitoka kwenye masanduku ya safari. Niliyauza kwenye soko la wazi mjini, katika kibanda cha mzee mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba, kutoka Kisumu. Mwenyewe hujiita hivyo, mwingine akimwita anataka kwanza kujua ni nani. Kiswahili chake kilikaa Uingereza miaka mingi kama nyama kwenye friji, hakikuongezeka wala hakikuoza. Asubuhi nilihesabu mali mara mbili, mara moja kwa nje na mara moja kwa ndani, maana sanduku dogo hukaa ndani ya kubwa, na mwizi mwenye akili hulipia moja akaondoka na familia nzima. Mzee alinifundisha kutengeneza zipu na magurudumu. Kupatana bei sikuhitaji kufundishwa. Hilo nililitoa soko la Gikomba, Nairobi, nilikouza viatu vya mitumba na shangazi yangu tangu sijaota ndevu.

Mzee alikuwa amecheza hoki ya nyasi ujana wake, naye beki vilevile. Hoki yangu hakuiheshimu.

"Hoki ina nyasi, ina mpira, ina adabu," aliniambia. "Hiyo yenu ni ajali ya barabarani, tofauti ni kwamba ina refa."

"Si hata wewe ulikuwa beki, mzee?"

"Beki wa kusimama, kijana. Mimi sikuwahi kuanguka."

"Hata mara moja?"

"Mara moja. Na ilikuwa harusini."

Baada ya yule kocha wa tatu nilikaa siku kadhaa bila kufikiria chochote. Niliuza masanduku. Niliwaambia watu gurudumu hili halivunjiki. Kisha nikaamua kwamba nimekuwa nikiuza vibaya. Nilikuwa naingia mlangoni na kuomba kitu kikubwa kutoka kwa mtu asiyenijua, na hata Gikomba hakuna anayefanya hivyo. Mteja kwanza unamkalisha, unamjaribisha soksi.

Kulikuwa na timu ya kulipwa iliyofanya mazoezi asubuhi kwenye uwanja mmoja pembeni ya mji. Nikaenda. Kocha wake alikuwa Mkanada mnene, mtafuna ubani wa bazoka, mchoyo wa maneno. Nilimkuta kwenye ukumbi nje ya chumba cha wachezaji, na pembeni yake yamerundikwa mabegi makubwa ya vifaa. Karibu yote yalikuwa yamepasuka zipu. Mengine yamezungushwa utepe wa gundi kama mguu uliovunjika.

"Sina nafasi," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sijaja kuomba nafasi. Nani anatengeneza hizi zipu?"

Akayatazama mabegi kama ndiyo kwanza anayaona. "Hakuna mtu."

"Nitazitengeneza zote. Wewe niruhusu niteleze na watu wako mazoezini. Unilipe nini? Usinilipe. Ukikosa mtu wa kusimama, nisimamishe mimi."

Akatafuna. "Na magurudumu?"

Hapo nikajua nimempata. Mtu akiongeza kitu juu ya bei, ameshanunua, kinachobaki ni kufunga mzigo.

"Na magurudumu," nikasema.

Mzee akanipa ruhusa ya asubuhi kwa sharti kwamba nibaki kibandani mpaka wakati wa kufunga. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye timu ya kulipwa, kwa mlango wa zipu. Kazi yangu barafuni ilikuwa kuwa kitu cha kupitwa. Washambuliaji walihitaji mtu wa kumzunguka wakati wanafanya mazoezi ya pasi, na mimi ndiye niliyezungukwa. Wenyewe walikuwa watu wazuri. Walinisalimu, wakanigonga ukutani, wakaniuliza kama naweza kuangalia na zipu ya jaketi.

Kuhusu ule ukuta wangu, nilifanya hivi. Mara mbili kwa wiki kiwanja kilifunguliwa kwa watu wote, na shule zilileta watoto. Nililipa kama mtu yeyote, nikaanza kurudi nyuma kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, macho mbele, nikipita katikati ya watoto wanaosukuma sanamu za plastiki za pengwini ili wasianguke. Kila nilipofika mahali pale ambapo Nairobi pana ubao, magoti yalifunga breki yenyewe. Niliyatukana. Niliyabembeleza. Mwalimu mmoja alimwuliza mhudumu kama niko salama. Mwanzoni mwa baridi, siku ambayo sikuwa nawaza lolote la maana, nilirudi nyuma nikapitiliza, nikaendelea, nikagonga ubao wa kweli kwa mgongo kwa kishindo. Mtoto mmoja akapiga makofi. Nilisimama pale nikitazama safari niliyopita. Ilikuwa ndefu. Sikufurahi hasa, nilihisi kama mtu aliyeondolewa ukuta wa sebule.

Lakini kile kiwanja cha Nairobi hakikuwa kibaya chote. Kwenye kiwanja kifupi mambo yanatokea haraka, unajifunza kuhesabu. Washambuliaji wanakuja, unawahesabu: watatu. Unahesabu tena, maana wa nne hutoka benchi wakati wewe umeitumbulia macho paki, naye ndiye anayefunga. Mabeki wengi wanahesabu mara moja. Siku moja mazoezini kocha alisimamisha mchezo, akanionyesha kwa gongo lake, akawaambia wengine, "Mmeona huyu alimfuata nani?" Kisha akapuliza kipenga tukaendelea. Hakusema zaidi. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Katikati ya msimu, beki wao mmoja alivunjika mfupa wa bega. Asubuhi iliyofuata kocha aliniita ofisini kwake, chumba kidogo ghorofani juu ya mahali pa kunolea vyuma vya viatu. Alikuwa na karatasi mezani.

"Mwezi mmoja," akasema. "Mkataba wa mwezi mmoja."

Ile karatasi ilikuwa pale. Ningeweza kuigusa. Niliisubiri kwa miaka, na mdomo wangu ukafanya kile ambacho mdomo wangu hufanya kila unapotajiwa bei ya kwanza.

"Mpaka mwisho wa msimu," nikasema.

"Mwezi mmoja."

"Kocha, kwa mwezi mmoja hata kiti hakijapata joto. Mwisho wa msimu, tumalize."

"Mwezi mmoja. Halafu tutaona."

Sasa, aliyewahi kununua kitu Gikomba anajua kinachofuata. Mkifika hapo hamgombani. Mnunuzi anasema haya, tuache, anarudisha kiatu mahali pake kwa upole, anaondoka. Anaondoka polepole. Hatazami nyuma. Muuzaji anamwacha apite kibanda kimoja, labda viwili, kisha anaita: wee kuja, kuja tuongee! Na anayeitwa ndiye aliyeshinda. Sijui nani aliweka utaratibu huo, lakini sijawahi kuona mtu akiuvunja, na mimi nimeitwa hivyo na nimeita watu hivyo tangu utotoni.

Nikasimama. "Haya, kocha. Basi tuache. Asante."

Nikachukua begi. Mlangoni nikasimama kurekebisha mkanda ambao haukuwa na shida yoyote. Nikashuka ngazi kwa kishindo, ajue nilipo. Nikapita kwa mnoa viatu, nikapita mashine ya soda, nikasimama kusoma bei za soda ambazo nazijua. Kimya. Nikatoka nje. Nikavuka maegesho ya magari kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, nikafika kituo cha basi kilicho mbele ya jengo. Likaja basi nikaliacha. Nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Likaja jingine, na mvua ikaanza, dereva akanifungulia mlango akanitazama. Nikapanda.

Basi lilipogeuka nikainua macho. Kocha alikuwa dirishani. Alinipungia mkono.

Kibandani nilimsimulia mzee, na yeye akaacha kufuta masanduku.

"Ulitembea mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye basi."

"Ukapanda?"

"Sasa ningefanya nini? Ukirudi bila kuitwa, si umeshindwa?"

"Umeshindwa kwa nani?" Mzee alipandisha sauti mpaka mteja mmoja akaweka sanduku chini. "Yule ni Mkanada, wewe! Kwao bei imebandikwa kwenye kitu! Mtu akitoka dukani, wanajua ametoka. Miaka yote uko hapa na mimi, umewahi kuona Mzungu akiondoka halafu anageuka?"

"Hapana."

"Wewe umemwona mara ngapi Mzungu anaenda na haendi?"

"Hata mara moja, mzee."

"Umeuza masanduku yako yote, kijana, na hukupewa kitu." Akarudi kufuta. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, "Mimi pia ningeondoka. Lakini mimi ni mzee, tena mjinga."

Mama alikuwa anajiandaa kwenda kazini, anafunga saa yake kifuani kwenye nguo ya kazi. Alinisikiliza bila kukatiza.

"Alikupa kazi ukakataa?"

"Sikukataa. Tulikuwa tunapatana."

"Kwa hivyo hapo uliposimama, una kazi au huna?"

Nikalisukuma begi kando ya ngazi.

"Mimi nilipopewa hii ya wazee," akasema, "nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Hata sikujua ni ya nini." Akachukua mwavuli. Mlangoni akageuka. "Kesho nenda."

Nilienda. Kocha alikuwa kando ya barafu, anahesabu koni. Alishangaa kidogo kuniona, bazoka ilisimama.

"Nilidhani umeondoka."

"Sikuwa nimekataa, kocha."

"Uliondoka."

"Kwetu kuondoka ni sehemu ya maongezi."

Alifikiria hilo. Nadhani alilifikiria kwa haki. "Kwetu," akasema, "kuondoka ni kuondoka. Jana hiyohiyo nilipiga simu. Kuna Mslovakia anafika keshokutwa."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtu aliyekasirika unaweza kumshika mahali. Aliniambia naweza kuendelea kuja asubuhi nikitaka. Nikasema nataka. Nikavaa viatu, nikaingia barafuni, nikazungukwa.

Mslovakia alifika na begi lililopasuka zipu. Nililitengeneza. Alikuwa mrefu, mtulivu, beki mzuri kweli, wa kurudi nyuma bila haraka kama mtu anayefunga pazia, na baada ya mazoezi alikula mikate yenye soseji baridi bila kuzungumza na mtu. Kwa kuwa mimi pia sikuwa na la kusema, tulikaa pamoja.

"Unacheza wapi?" aliniuliza siku moja.

"Hapa."

"Sijakuona kwenye mechi."

"Hata mimi sijajiona."

Akanipa nusu ya mkate. Hakujua yuko mahali pa nani, na sikuona sababu ya kumwambia. Yeye alikubali alichopewa.

Kipindi hicho sikikumbuki vizuri, na si kwa sababu kilikuwa kibaya. Hakikuwa na rangi. Niliamka, nikapanda basi, nikasimama barafuni, nikapanda basi, nikauza masanduku. Mzee aliuliza kila mchana, "Amekuita?" nami nikamjibu hajaniita, kwa sauti ileile unayojibia kama mvua imeacha. Mama aliacha kuuliza. Ningetaka kuandika kwamba niliumia, ingekuwa heshima kwa jambo lenyewe. Ukweli ni kwamba niliendelea kwenda kwa sababu miguu ilijua njia, na kwa sababu zipu huharibika tena.

Jumapili moja kuelekea mwisho wa baridi nilikuwa uwanjani mapema, nimekalia kindoo, nashona mkanda wa begi. Jioni ile kulikuwa na mechi ya nyumbani. Kocha akatokea. Beki mwingine alikuwa anatapika tangu asubuhi.

"Leo," akasema. "Mechi moja. Ndiyo au..."

"Ndiyo."

Nikampigia simu Mama, nikampigia mzee. Kisha nikavaa. Niliweka kila kitu sawasawa, nikakagua, nikavua kiatu kimoja nikakivaa tena. Nilisubiri moyo uanze kupiga. Ulikuwa unapiga kama kawaida, kama saa ya ofisini.

Walinioanisha na Mslovakia, yeye kushoto, mimi kulia. Tuliporuka ubao kuingia kwa mara ya kwanza, washambuliaji wao walishageuka wanakuja. Nikarudi nyuma. Watatu. Kelele za watu zilisikika kama redio ya jirani. Nikahesabu tena, na wa nne ndiye huyo, anatoka benchi upande wangu, hana haraka, gongo chini. Nikamwacha mwenye paki kwa Mslovakia, nikamfuata wa nne. Pasi ikaja kwake ikanikuta mimi. Nikaigonga ikaenda zake huko mbali. Hakuna aliyeshangilia, maana hakukuwa na la kushangiliwa. Jambo lilikuwa halijatokea, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nilirudi benchini. Kutoka upande wa viti nikasikia sauti ya Kisumu: "Simama, kijana! Simama tu!" Mzee alikuwa amesimama mwenyewe, kilemba juu ya watu wote, na walio nyuma yake walikuwa wanamwomba akae. Pembeni yake Mama alikuwa amevaa nguo ya kazi chini ya koti na amefumba macho. Baadaye aliniambia alifungua kila nilipokuwa benchini, na kwamba hapo nilicheza vizuri sana.

Niliingia na kutoka, kuingia na kutoka. Paki moja ilinigonga juu ya kifundo nikaendelea. Mara moja nilitoka mapema mno, nikapitwa, na kipa wetu, Mcheki, akaniokoa kisha akanieleza jambo kwa Kicheki ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Tulifungwa kwa bao moja. Halikupita upande wangu. Nililiangalia mara mbili kwenye video kuhakikisha.

Jumatatu kocha aliniita ghorofani. Kulikuwa na karatasi mezani, sijui kama ni ileile.

"Mpaka mwisho wa msimu," akasema. "Ndicho ulichotaka."

Nikaivuta karibu. Nikasoma tarehe, nikahesabu wiki zilizobaki mpaka msimu uishe. Nne. Nikahesabu tena kwa vidole chini ya meza. Nne. Ulikuwa mwezi mmoja. Nikamtazama. Alikuwa anatafuna na kutazama dirishani, kwenye kituo cha basi, na uso wake haukuwa na habari yoyote. Mpaka leo sijui kama alikuwa amehesabu.

Nikaomba kalamu.

Jumamosi tulisafiri kwenda kucheza ugenini. Basi la timu lilipanda barabara kuu upande wa Great Barr, likaingia kwenye foleni ya barabara ya M6 likasimama, malori kulia, malori kushoto. Mslovakia alilala kando yangu mdomo wazi. Begi langu lilikuwa chini pamoja na mengine, na zipu zote zilikuwa zangu. Nilikaa nikingojea furaha ifike. Nilidhani pengine na yenyewe iko kwenye foleni.

Simu ikalia. Alikuwa Mama.

"Uko wapi?"

"Niko kazini, Mama."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Sawa," akasema. "Ukirudi pitia dukani. Unga umeisha."